Chui Aliyefunga Bonde la Oreteti

Koriata ole Nampaso alikuwa mtu wa kucheka. Siku dume lake lilipomtupa matopeni mbele ya akina mama waliokuwa wakiteka maji, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, akalala palepale matopeni akimsifu dume kwa nguvu zake. Ukimwambia mvua imechelewa, atakuambia imepotea njia, iko huko Narok inauliza watu. Siku hizi ukimkuta anatembea nyuma ya ng'ombe wake waliobaki, atakusalimu vizuri tu, na kama wewe ni mdogo wake atakutemea mate kiganjani akubariki. Kucheka ndiko hakuna. Na mtu asiniambie ni uzee. Uzee gani? Wa rika lake bado wanaoa!

Kilichomfanya hivyo ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa rafiki yake.

Anaitwa Parmuat ole Kuyioni. Walitahiriwa msimu mmoja, wakawa morani pamoja, wakala nyama porini kutoka jiko moja. Kisha ugonjwa ukaingia kwenye zizi la akina Parmuat ukafagia, akabaki kijana mrefu mwenye fimbo asiye na cha kuchunga. Koriata hakuambiwa na mtu. Aliingia zizini kwake, akachagua mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, akamswaga mpaka kwa mwenzake, akasema, "Huyu ni wako. Ukimkamua usinisahau kwa chai."

Kwetu ukishampa mtu mtamba, majina yenu yanaisha baina yenu. Wewe unamwita Paashe na yeye anakuita Paashe, basi, mpaka mmoja afe. Humtaji kwa jina hata ukiwa na hasira naye, hata akiwa hayupo. Paashe hanyimwi kitu anachoomba. Paashe haaibishwi mbele ya watu; mkikosana mnakwenda kando mnasemezana wawili. Atakayemwita Paashe wake kwa jina amemkana, na neno hilo likishatoka halirudi mdomoni.

Miaka ikapita. Sisi wenye ardhi tukaunganisha vipande vyetu, tukavikodisha viwe hifadhi ya wanyama, tukahamisha maboma pembezoni. Wageni wakaja kwa ndege ndogo kuona simba, vijana wetu wakapata kazi, karo ya watoto ikalipika. Sikatai, ilitusaidia. Lakini siku ya kukubaliana, wazee walisimama wakasema neno moja bila kuzunguka: Bonde la Oreteti, kiangazi kikikaza, ni la ng'ombe. Pale chini ya mkuyu mkubwa kuna chemchemi isiyokauka, na kandokando yake nyasi hubaki hai hata kote kukiwa vumbi. Hifadhi ikasema sawa. Tukapeana mikono.

Parmuat akaenda kusomea uongozaji wa wageni, akapata gari la kijani na kofia pana. Koriata akabaki na ng'ombe. Wala hawakutengana kwa hilo. Parmuat alikuwa akipita bomani asubuhi, anaacha gari nje na darubini shingoni, anaketi kigodani kunywa chai ya maziwa kwa Noonkuta, mke wa Koriata.

Asubuhi moja akaja akiwa amenyong'onyea.

"Paashe, nimekwisha," akasema.

"Umekwisha na kitambi hicho? Basi sisi tumeshazikwa," Koriata akamjibu.

"Usinichekee leo. Wageni nilionao wameona simba mpaka simba wamewachoka wao. Wanataka chui. Wenzangu wote wanampata, mimi napata kinyesi chake. Meneja ameniambia kundi hili nalo likiondoka bila chui, nirudi nyumbani nikachunge."

"Kwani kuchunga ni ugonjwa?"

"Paashe."

Koriata alimjua chui mmoja, jike mwenye sikio lililochanika, aliyekuwa amezalia kwenye mawe ya Bonde la Oreteti. Alikuwa akimwona kila apitapo, na hakumwambia mtu. Si kwa uchoyo. Chui akiwa na watoto hataki makelele, na bonde lile watu wa hifadhi walikuwa hawalijali, na Koriata alitaka liendelee hivyo hivyo. Mahali wageni wanapopapenda, ng'ombe huanza kuonekana wachafu.

"Nitakuonyesha," akasema mwisho. "Gari moja, asubuhi moja. Halafu usahau njia."

Parmuat akainama, akang'oa majani mlangoni, akayashika mkononi kama tunavyofanya tukiomba amani au tukiapa. "Gari moja, Paashe. Asubuhi moja."

Noonkuta, aliyekuwa akikoroga sufuria, hakugeuka. "Baba Nashipae," akasema, "mwite hata mzee mmoja asikie maneno hayo."

Wanaume wote wawili wakamgeukia. Shahidi, kati ya Paashe na Paashe? Ni tusi. Ni sawa na kumwambia mtu simwamini huyu aliyenyonya ziwa moja na mimi. Koriata aliona aibu kwa niaba ya mkewe.

"Mama Nashipae, mimina chai," akasema.

"Chai naimimina," Noonkuta akasema. "Masikio yangu nayo yako wapi? Mimi nimesikia. Lakini mkutanoni nani ataniuliza mimi?"

Wakaenda. Koriata akaketi mbele ya gari, karibu na Parmuat, na nyuma wageni wakiwa kimya kama waliofika kanisani. Yule jike alikuwa juu ya jiwe, mtoto mmoja akimtafuna mkia. Bibi mmoja wa Kizungu alilia machozi, akamshika Koriata bega akisema asante, asante. Koriata naye akafurahi. Kwa nini asifurahi? Alirudi bomani akimsimulia Noonkuta jinsi yule bibi alivyolia, akiiga na sauti yake, na Noonkuta akacheka ingawa hakutaka.

Kesho yake yalikuja magari mengine. Keshokutwa yakawa mengi zaidi, yamejipanga kwenye ukingo wa bonde, madereva wakisemezana kwa redio, kila mmoja akitaka kusogea. Koriata alipomuuliza, Parmuat alishika kichwa.

"Paashe, si mimi! Mgeni mmoja alionyesha picha kambini, waongozaji wakaitambua miamba. Ningefanyaje, nimtoboe macho?"

Koriata akakubali. Mtu akiwa Paashe wako unakubali, ndiyo maana ya neno lenyewe.

Halafu zikaja nguzo. Halafu mahema makubwa yenye sakafu za mbao, chini ya mkuyu ule ule, na viti vya kukunja kando ya chemchemi ili wageni wanywe vinywaji vyao jua likizama. Askari wa hifadhi wakapita maboma yote wakitangaza kuwa Bonde la Oreteti sasa ni la chui na watoto wake, ng'ombe wasikanyage, atakayekamatwa ng'ombe wake watashikwa. Na kiongozi wa waongozaji katika kambi mpya, kambi ya chui, wakampa nani? Mnadhani nani?

"Afadhali niwe mimi," Parmuat alimwambia Koriata, "kuliko awekwe mgeni asiyetujua. Kiangazi kikija nitasema ndani huko. Niachie."

Koriata akamwachia. Majirani walipoanza kunung'unika kwamba kuna mtu aliyeuza bonde, alinyamaza, kwa sababu kujieleza kungekuwa kumtaja Paashe wake. Aliendelea kutania watu kisimani.

Kiangazi kikaja, kibaya, cha kukausha mpaka mate. Nyasi zikawa vumbi jekundu, ng'ombe wakaanza kutoka mbavu, na wenye mifugo kila asubuhi wakasimama ukingoni wakiangalia kijani cha Oreteti kule chini, na wageni wakinyweshwa juisi kando yake. Ilivyokuwa inauma, ninyi wasomaji wangu mlio mjini, hamwezi kujua. Ng'ombe wananusa maji, wanalia, na wewe unawachapa fimbo uwarudishe nyuma.

Asubuhi moja Koriata akaamka na kumkosa mbuzi mmoja. Akafuata damu mpaka kwenye korongo lililo nyuma ya boma lake, na huko, juu ya mti, mbuzi amening'inia, na pembeni yake amelala jike mwenye sikio lililochanika. Watoto wake, wakubwa sasa, walikuwa chini wakigombania utumbo.

Koriata hakumtupia hata jiwe. Alisimama akimwangalia, kisha akacheka kwa sauti, mwenyewe porini. Kumbe bibi huyu amehama! Magari na kelele za kambi vimemfukuza, amewaachia bonde lao. Na kama bonde limefungwa kwa ajili ya chui, na chui hayuko, basi bonde lifunguliwe ng'ombe wanywe. Mtoto mdogo angeelewa.

Alikwenda moja kwa moja kambini, bila hata kunywa chai. Getini kulikuwa na mlinzi, kijana wa Machakos, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Paashe."

"Paashe nani?"

"Paashe wangu."

Mlinzi akaangalia mwenzake. "Hapa hatuna mfanyakazi anayeitwa hivyo, mzee wangu. Jina lake lingine?"

Koriata akafungua mdomo, akaufunga. Jina alikuwa nalo, alilijua tangu utotoni, lakini hakuwa na ruhusa nalo. "Yule mwongozaji mrefu," akasema. "Mwenye pengo hapa mbele. Anatembea kama anaogopa kukanyaga yai."

Mlinzi akacheka, akasema waongozaji warefu ni wengi, na wenye mapengo pia, na bila jina hawezi kumwita mtu kwenye redio. Koriata akaketi juani, nje ya geti, mgongo kwenye nguzo. Magari yakaingia, magari yakatoka. Wageni walimpungia mkono, mmoja akampiga picha. Mchana ukapita. Angeweza kusema neno moja tu akaingia, na hakulisema.

Hatimaye gari la Parmuat likatoka, naye akamwona.

"Paashe! Umekaa hapa juani kwa nini? Si ungewaambia waniite!"

"Nikuite nani?" Koriata akauliza.

Parmuat akaangalia pembeni. Koriata hakulitilia maanani hilo siku ile. Baadaye ndipo alipolikumbuka. Akamweleza habari za korongo, mbuzi, watoto wakubwa. Parmuat akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Najua hayupo," akasema kwa sauti ya chini. "Siku nyingi hatumwoni. Wageni tunawapeleka mbali upande wa mtoni, tunawaambia chui wa Oreteti ametembea. Lakini usiseme kwa mtu, Paashe. Kuna mkutano wa wenye ardhi. Meneja atakuwepo. Mimi nitasimama wa kwanza, nitasema ukweli. Neno langu lina uzito kuliko lako pale ndani, unajua hivyo."

"Utasimama?"

"Nitasimama. Wewe kaa tu."

Koriata akarudi nyumbani akiimba. Noonkuta alipomuuliza, akamwambia bonde litafunguliwa. Noonkuta akasema, "Ameng'oa majani tena?" na Koriata akakasirika naye, wakalala wamepeana migongo.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Wazee waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, fimbo zao katikati ya miguu. Akina mama walisimama nje madirishani. Meneja wa hifadhi, mzungu aliyezaliwa Naivasha na Kiswahili chake safi, aliketi kwenye kiti cha mwalimu. Mwenyekiti wa wenye ardhi akakumbusha mapatano ya mwanzo, kisha akasema ombi: ng'ombe wanakufa, tunaomba Oreteti mpaka mvua inyeshe.

"Mimi sina ubaya na ng'ombe," meneja akasema. "Lakini kuna chui mwenye watoto. Wageni wamesafiri kutoka mbali kwa ajili yake, na wengine wako njiani. Parmuat, wewe ndiye unayekaa naye kila siku. Hebu sema."

Parmuat akasimama, kofia mkononi. Koriata aliketi dawati la nyuma, akamtazama kwa furaha yote, kama mzazi anayemtazama mtoto akisoma shairi.

"Chui yupo," Parmuat akasema. "Juzi tu wageni wangu wamempiga picha, na watoto wake."

Darasa likaguna. Koriata alidhani hakusikia vizuri.

"Nami naona wazee wana wasiwasi," Parmuat akaendelea, sauti imelainika, "kana kwamba bonde lilichukuliwa kwa nguvu. Hapana. Lilitolewa. Tena na mmoja wenu. Paashe wangu yule pale nyuma ndiye aliyenishika mkono akanipeleka. Akaniambia, ng'ombe wasije hapa tena, chui apate amani. Kwa moyo wake mwenyewe. Si kweli, Paashe?"

Na akatabasamu, lile pengo likaonekana.

Vichwa vyote vikageuka. Sasa mwelewe jinsi Koriata alivyofungwa. Parmuat alimwita Paashe mbele ya watu makusudi, na Paashe hampingi Paashe wake mkutanoni. Yule bwana alijua! Alitegemea hilo kama mtu anavyotegemea ukuta. Aliijua adabu ya Koriata, akaifanya kamba ya kumfungia. Mungu wangu, kuna watu!

Koriata alikaa. Nje ng'ombe wa mtu walikuwa wakilia, na hakuna aliyekwenda kuwaangalia. Jirani yake mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Kumbe ni yeye." Mwenyekiti akasema, "Ole Nampaso, ni kweli?"

Koriata akasimama. Dawati lilikuwa limembana, akajikwamua taratibu.

"Parmuat," akasema.

Mama mmoja dirishani aliziba mdomo kwa kiganja. Wazee waliacha kunusa tumbaku.

"Parmuat ole Kuyioni," Koriata akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Nilikuonyesha chui ili usifukuzwe kazi. Ulishika majani mlangoni kwangu ukasema gari moja, asubuhi moja. Sikukuambia neno lolote kuhusu ng'ombe. Na chui hayuko Oreteti, yuko korongoni kwangu, amekula mbuzi wangu, na wewe mwenyewe umeniambia unajua hayupo. Nilikusubiri juani siku nzima kwa sababu sikutaka kulitaja jina lako kwa mlinzi. Leo nimelitaja. Mmesikia nyote."

Kisha meneja akaegemea mbele. "Kwa hiyo ni kweli ulimwonyesha wewe?"

"Ni kweli."

"Siku ile alikuwepo, leo unasema hayupo, na bahati nzuri hayupo wakati ng'ombe wako wana kiu. Mzee, sikuiti mwongo. Nitatuma watu waangalie." Akaandika kitu kwenye simu yake.

Wazee wengi walimwamini Koriata. Kumwita Paashe kwa jina si jambo mtu analolifanya kwa uongo. Lakini kumwamini kulikuwa na uchungu wake. "Kumbe mlango uliufungua wewe," mzee mmoja alimwambia akitoka. "Umetuficha mpaka leo, unamlinda huyu!" Ilikuwa kweli.

Alipofika uani alimkuta Parmuat akiwasha gari. Akasimama mbele yake, akisubiri. Akitaka nini, hakujua. Labda mwenzake ashuke, atukane, apige, alie. Alikuwa amemkana mbele ya watu wote. Jambo kubwa kuliko hilo kwetu hakuna.

Parmuat akateremsha kioo.

"Sawa, Koriata," akasema. "Umemaliza? Pisha kidogo, nina wageni."

Akapisha.

Watu wa meneja walitumwa, wakachelewa, wakaenda asubuhi moja, wakaona nyayo za zamani, wakaandika kuwa chui huenda yupo. Bonde likabaki limefungwa. Basi wenye mifugo wakaswaga ng'ombe kwenda vilima vya Loita, safari ndefu isiyo na maji, na Koriata pamoja nao, ingawa alitembea nyuma peke yake kwa kuwa hawakumwita mbele. Wengi wa ng'ombe wake hawakufika.

Asubuhi ya kuondoka, Noonkuta alimfungia maziwa kwenye kibuyu. Habari za mkutano alikuwa amezisikia mwenyewe akiwa dirishani, na tangu siku hiyo hakuwa amemsimanga hata mara moja. Akamwona anavaa ndala zake za mpira wa gari, anasita, anakaa tena kigodani.

"Nilidhani itamchoma," Koriata akasema.

"Nini?"

"Jina. Mimi kulitaja jina lake kulinikata hapa." Akagusa koo. "Nililala macho. Yeye langu alilitaja hapohapo, Mama Nashipae, bila hata kuvuta pumzi. Sawa, Koriata. Kama anayemwita fundi wa gari."

Noonkuta akamkabidhi kibuyu. "Achana naye. Ng'ombe wanasubiri."

"Siku zote hizo," Koriata akasema, "kumbe nilikuwa na Paashe peke yangu."